Angalia mikono ya mlezi kwanza, rangi ya ukuta baadaye

(Haya niliyasema mbele ya wazazi na walezi kwenye ukumbi mmoja hapa Eastlands, Nairobi. Nimeyaandika karibu venye yalitoka mdomoni.)

Hamjambo wazazi. Wamama, wababa, mashosho mliokuja na wajukuu, na nyinyi walezi wenye vituo vya kulea watoto, hizi deikea zetu, ambao nawaona mmejificha huko nyuma karibu na mlango, songeni mbele tafadhali, hii mambo ni yenu kama ni ya mtu mwingine yeyote. Na mwenye mtoto wake analia asitoke nje na yeye, akae tu, nitaongea kwa sauti.

Naenda moja kwa moja. Mtu akitafuta nyumba ya kupanga Nairobi anauliza maji huja siku gani, anauliza tokeni ya stima ni yake peke yake ama ni ya ploti nzima, geti hufungwa saa ngapi, atapanda hadi juu kabisa aone mahali pa kuanika nguo. Lakini mtoto wa miezi minne tunampeleka mahali juu jirani alisema "huyo mama ni mzuri", tunamwachia mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukikimbilia matatu, na kuna mzazi hapa ndani mwaka umeisha na hajawahi kuingia aone mtoto wake hulala wapi. Siwalaumu. Hizo asubuhi nazijua, na supavaiza anafunga geti saa moja kamili. Lakini leo nataka tutoke hapa tukijua kuangalia, juu kuangalia ni kitu mtu anafunzwa, na haihitaji digrii.

Kwanza tuelewane kwa nini hii mambo ni nzito hivi kwetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi, baba wiki 2. Shirika la Afya Duniani, na manesi wetu wa kliniki vilevile, wanasema mtoto anyonye tu miezi 6 ya kwanza, hata maji asipewe. Sasa hebu piga hesabu. Kuna miezi 3 katikati hapo mama ameshaitwa kazini na mtoto hajafika wakati wa uji. Na huyo ni mama mwenye barua ya kazi. Mama wa kibarua pale Industrial Area, mama wa mitumba Gikomba, mama anayefulia watu nguo Buruburu, huyo hakuna mtu anamlipa likizo, kuna wenye hutoka wiki ya sita, wengine hata kabla. Nyumbani kungekuwa na shosho, shangazi, binamu mkubwa. Hapa shosho ako Kakamega ama Machakos na nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Kwa hivyo mtu asije kuwaambia kupeleka mtoto deikea ni uvivu wa wamama wa siku hizi. Bila hivi vituo nusu ya hii mji haingeamka kwenda kazi.

Sasa, kituo kizuri ni kipi? Watu wengi wakiniuliza hivyo wanatarajia nianze na majengo. Ukuta umechorwa Mickey Mouse, kuna bembea, kuna unifomu, kuna basi la manjano. Mimi nimefundisha chekechea miaka mingi na saa hizi kazi yangu ni kuzunguka kwa vituo nikikaa na walezi, na nawaambia nimeona chumba cha mabati Mukuru ambacho mtoto analelewa vizuri kuliko kituo cha maghorofa mwenye ada yake ni kama ya sekondari. Tofauti ilikuwa ni mtu mwenye anamshika huyo mtoto, anamshika aje, na ana wangapi wengine wanamngoja.

Hapo kwa "wangapi" ndio nataka tukae kidogo.

Tuseme mtoto mchanga ako kituoni kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Hayo ni masaa 11. Hapo katikati atabadilishwa pampasi ama nepi kama mara 5, atalishwa kama mara 4. Kila moja tuipatie dakika 15, na wale mmelisha mtoto wa miezi mitano mnajua dakika 15 ni ya bahati. Mara 9 kwa dakika 15 ni dakika 135, masaa mawili na robo, kwa mtoto mmoja, na hapo hujambembeleza, hujacheza na yeye, hujaosha kitu. Watoto 4 ni masaa 9. Watoto 8 ni masaa 18. Masaa 18 ya kazi ndani ya siku ya masaa 11! Haiwezekani, hata huyo mlezi awe malaika. Kwa hivyo mlezi mmoja akiwa na wachanga 8 lazima kuna wenye watakaa na pampasi imejaa hadi jioni, lazima kuna wenye watapewa chupa wakiwa wamelala chali huku imeegemezwa na leso, na mtoto anaweza kupaliwa hapo bila mtu kujua. Si ubaya wa moyo, ni hesabu.

Ndio maana wenzetu waliweka nambari. Kule Marekani chama cha walimu wa watoto wadogo kinaitwa NAEYC kinashauri mtu mzima mmoja asizidishe wachanga 4. Uingereza ni mtu mzima mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Sisemi kesho asubuhi mtapata hiyo hapa kwetu mtaani Pipeline. Nasema ukifika kwa kituo, hesabu. Usiulize, hesabu mwenyewe. Hesabu vichwa vya watoto, hesabu watu wazima wenye wako hapo kwa watoto, na yule anapika usimhesabu, na yule ameketi na daftari ya pesa mlangoni usimhesabu. Alafu jiulize swali moja tu, moto ukitokea hapa, hawa watu wazima wanaweza kutoa hawa watoto wote wasiotembea kwa safari moja? Ukiona jibu ni hapana, endelea kutafuta.

Na sasa niseme kitu kitawauma wengine. Hiyo nambari ya watoto kwa mlezi mmoja tunainunua sisi. Tuseme mlezi ana watoto 8 na kila mmoja analipa 100 kwa siku. Hiyo ni 800, na ni kama wote wamelipa, na mnajua vile mambo huwa tarehe 20. Hapo atoe kodi ya chumba, maji ya mtungi, gesi, unga wa uji, sabuni. Msaidizi atamlipa na nini? Kwa hivyo anafanya venye mtu yeyote angefanya, anaongeza watoto, wanakuwa 15. Alafu sisi tunalalamika. Lakini hao wazazi 8 wakikaa chini waseme kila mmoja aongeze 50 kwa siku, hiyo ni 400, na msaidizi wa nusu siku amepatikana, yale masaa magumu ya asubuhi na ya kulisha mchana. Kuna wazazi nimewaona wakifanya hivi kama chama, wanatuma kila Jumatatu asubuhi kwa M-Pesa, mlezi anajua pesa iko. Si kila mtu ako na hiyo 50, naelewa kabisa. Lakini mwenye ako nayo na anailipia bundles, tuongee ukweli.

Haya, ushahesabu. Sasa kaa. Omba kukaa lisaa limoja, na wakikataa kabisa mzazi asikae, hapo umeshapata jibu lako na usitafute lingine. Enda katikati ya asubuhi, saa nne hivi, ama saa nane mchana wakati watu wamechoka, usiende saa ya kuchukua watoto juu saa hiyo kila mtu amepangusa watoto pua.

Ukikaa, angalia mtoto akibadilishwa. Hii ndio sehemu mimi huangalia kuliko zote. Kulikuwa na daktari wa watoto Hungaria anaitwa Emmi Pikler, mwaka wa 1946 alianzisha nyumba ya watoto wasio na wazazi Budapest, na kitu alishikilia ni kwamba malezi yako ndani ya zile kazi za kila siku, kulisha, kuosha, kuvisha, hapo ndipo mtoto anajua kama yeye ni mtu ama ni mzigo. Na ni kweli kabisa, utaiona kwa macho. Kuna mlezi mmoja nilikaa nikamwangalia. Alipiga magoti hadi akawa sawa na mtoto, akamwambia "njoo tutoe hii, ni baridi eeh? Nipe mguu. Huu mwingine," na huyo mtoto, miezi tisa hivi, akainua mguu! Akamngoja. Akapanguza kutoka mbele kwenda nyuma, akafunga ile chafu kwa karatasi, akamweka mtoto chini kwa mkeka, na kabla hajamshika mwingine akaenda kwa mtungi wenye mfereji akaosha mikono na sabuni. Na hicho chumba kilikuwa cha mabati na pazia la leso.

Na nimeona ile nyingine pia, mtoto anainuliwa na mkono mmoja kama vile hayuko, anabadilishwa mlezi akiongea na simu, kitambaa kimoja kinapanguza watoto watatu. Hakuna mtu amempiga, hakuna mtu amemtukana, lakini huyo mtoto siku nzima hajaangaliwa machoni. Ukiona hiyo, hata kama kuna kamera, hata kama wanakutumia picha kwa WhatsApp kila saa sita mchana, mtoe hapo.

Kwa nini nasisitiza kuongeleshwa? Juu mtoto mdogo akisema "ba" anangoja. Ukimjibu "ba! Unataka baba?" anasema tena. Hayo majibizano ndiyo yanajenga ubongo wake, chuo kikuu cha Harvard wana kituo kizima cha makuzi ya mtoto ambacho kimesema hiyo kitu miaka na miaka. Na Marekani kuna utafiti mkubwa ulianza 1991, watoto zaidi ya 1,300 kwa sehemu 10 za nchi, walifuatwa kutoka uchangani. Waliingia kwa hizo deikea wakakaa wakaangalia mlezi anajibu mtoto aje, anaongea na yeye kiasi gani, yaani hicho nawaambia mfanye. Wakapata wale walilelewa vizuri walikuwa mbele kidogo kwa lugha na kwa akili. Na wakapata pia kwamba nyumbani kuna nguvu kuliko kituo, hiyo msiisahau mkifika saa mbili usiku mmechoka, ile nusu saa ya kuongea na mtoto ukipika inahesabika. Na lugha isiwape wasiwasi. Mlezi akiongea Kiswahili, Kikamba, Dholuo, sawa kabisa, bora aongee na aongee na mtoto.

Hapa niseme juu ya hii presha ya masomo, juu kila nikienda kwa mkutano kuna mzazi anauliza "wanafundisha?" Mtoto ni wa miaka miwili! Kwa mtaala wetu PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, ni ya miaka 4. Mtoto wa miaka miwili hana silabasi ya kumaliza, hana homuwaki, kushika penseli vidole vyake havijakomaa. Masomo yake ni maji kwa beseni, vifuniko vya chupa vikubwa ambavyo haviingii mdomoni, maboksi, mchanga, nyimbo, hadithi, kupanda na kushuka hatua moja ya mlango mara hamsini. Mlezi akikuambia watoto wake wa miaka miwili wanaandika hadi 20, muulize hucheza saa ngapi.

Sasa kuna jambo la kimya. Wazazi wengi husifu, "ukienda hapo watoto wametulia, huwezi jua kuna watoto." Watu wangu, hiyo ikushtue. Chumba cha watoto wa mwaka mmoja na nusu saa nne asubuhi kina kelele, kinafaa kuwa na kelele. Wakiwa wote wamenyamaza kuna sababu, na mara nyingi ni moja kati ya tatu. TV, na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 lilisema mtoto chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na kutoka miaka 2 isizidi lisaa limoja kwa siku. Ama ni woga. Ama ni dawa.

Ndio, dawa. Tuitaje waziwazi. Kuna syrup za mafua na za alaji ambazo humfanya mtu asinzie, na kuna mahali watoto hupewa ndio walale. Mtoto mdogo hiyo kitu inaweza kumfanya kupumua kukapungua. Kwa hivyo ukichukua mtoto jioni na kila siku ni mlegevu, macho mazito, usiku hataki kulala juu amelala mchana wote ama hata hawezi kunyonya vizuri, usiseme amechoka kucheza. Muulize mlezi mtoto alilala kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Kulala mchana ni kawaida, mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji masaa 12 hadi 16 kwa siku nzima usiku ukiwemo, wa mwaka 1 hadi 2 masaa 11 hadi 14. Lakini kulala kwa mtoto kuna kuamka.

Na wakilala, wanalala aje? Mchanga alale chali, kwa mgongo, mahali pagumu kidogo, bila mito, bila blanketi zito karibu na uso, na wasirundikwe kitanda kimoja wanne na yule mkubwa juu ya mdogo. Jiko la makaa lisiwe ndani ya chumba cha watoto kulala, hata Julai na hiyo baridi yote. Ule moshi usioonekana unaua watu wazima wenye afya, sembuse mtoto. Nikiingia kituo nikute jiko linawaka ndani na dirisha limefungwa siulizi swali lingine kabla jiko halijatoka nje. Angalia pia ndoo na mabeseni ya maji yenye hayajafunikwa, mtoto anayetambaa huzama kwa maji ya kina kidogo sana. Angalia ngazi kama kituo kiko floo ya tatu, na haya maploti yetu reli zina nafasi mtoto anapita. Angalia mafuta ya taa na jik ziko juu ama ziko chini kwa chupa ya soda. Hayo mengine, choo, poti, maji ya kunawa, nyinyi mnayajua.

Chakula nitapita haraka isipokuwa maziwa ya mama, juu hapo wamama wengi huacha kunyonyesha bila sababu. Ukikamua, maziwa hukaa nje kwa joto la kawaida la chumba hadi masaa 4, kwa friji hadi siku 4. Yakipashwa ni kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, yasichemshwe. Mtoto akishaanza kunywa, yale yamebaki yasikae zaidi ya masaa 2. Kwa hivyo swali la kituo ni kama kuna friji, na kama hakuna, unaweza kupeleka ya asubuhi na mtu akuletee mengine mchana ama wewe uje. Na kikombe kisafi ni bora kuliko chupa, chupa na hiyo chuchu yake ni ngumu kuosha ikatakata. Alafu kitu wengi hawajui, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha ama kukamua kazini. Muulizeni HR wenu. Muulize mkiwa wengi. Kwa wale wakubwa, njugu nzima na vipande vigumu visipewe chini ya miaka mitano bila kusagwa, na yule anapika awe na cheti cha afya, kile cha kupimwa kila miezi 6.

Makaratasi sasa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka vituo vya kulea watoto chini ya serikali za kaunti, na Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya malezi mwaka wa 2017. Kwa hivyo una haki kabisa kuuliza "mmesajiliwa?" Na hapa niwe mkweli, vituo vingi vya mtaani havijasajiliwa, na vingine ni vizuri sana. Mimi karatasi peke yake hainiridhishi na kukosa karatasi peke yake hakunifukuzi, lakini mlezi mwenye hajasajiliwa na anataka, anauliza njia ni gani, ni tofauti na mwenye anajificha kila ofisa wa afya akipita. Cheti cha tabia njema cha polisi kiulizwe kwa kila mtu mzima anayelala ama kushinda hapo, pamoja na wanaume wa hiyo nyumba. Uliza bila aibu, "mchana nani mwingine huingia hapa?" Kijana wa mlezi, mpangaji, fundi. Na mtoto anachukuliwa na nani? Daftari iwe na jina na nambari ya simu ya anayeruhusiwa, na siku ukituma bodaboda usiyemjua, mlezi mzuri atakataa kumpa mtoto. Akikataa usimgombeze! Mshukuru.

Kuchapa hakuna. Kipengele cha 29 cha Katiba kimekataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na Sheria ya Watoto ya 2022 iko. Kuna mzazi humwambia mlezi "huyu akisumbua wewe mchape tu, nimekuruhusu." Huwezi kumpa mtu ruhusa ambayo wewe mwenyewe huna. Swali mimi humuuliza mlezi ni hili, "mtoto wangu akilia na hanyamazi, utafanya nini?" Alafu nanyamaza. Mzuri atafikiria. Atasema naangalia kama ameloa, kama ana njaa, kama ana joto, namfunga mgongoni, nikiona bado nakupigia. Akikuambia "hapa watoto hawalii", ama "nitamwacha atazoea", shika mtoto wako uende.

Akiwa mgonjwa je? Mlezi mzuri anakataa mtoto mwenye anahara ama ana homa kali, na anakupigia mapema ikianza hapo kwake. Najua hiyo inamaanisha siku ya kazi imepotea. Lakini hapo kuna wachanga wengine saba, na kesho ni wako atakuwa kati ya hao saba. Peleka na nakala ya kitabu cha kliniki, chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14, za miezi 9, za miezi 18. Mlezi akikuomba kitabu siku ya kwanza, huyo anajua kazi yake.

Usimwache mtoto siku ya kwanza masaa 11. Kama unaweza, anza wiki moja kabla ya kurudi kazini, saa moja ukiwa hapo, kesho yake masaa mawili ukiwa nje, ongeza. Mwambie kwaheri ukimwangalia, usitoroke akiwa amegeuka. Atalia, na kati ya miezi minane na mwaka mmoja na nusu atalia sana, hiyo ni kawaida, inamaanisha anakujua. Angalia baada ya wiki chache anakuwa aje. Mwenye anamlilia mama alafu anaenda kwa mlezi akibebwa ni sawa. Mwenye anakaza mwili akiona tu huyo mlezi, anarudi na alama usizoelewa, ameacha kula, ameacha maneno aliyokuwa nayo, usingoje mwisho wa mwezi ndio pesa isipotee. Toa mtoto. Na kama kuna kitu kibaya kimefanyika, nambari ni 116, ni ya bure, ni ya watoto.

Wababa. Niliona mko wachache na nawashukuru mliokuja. Hii kazi ya kukagua kituo mnaiweza sana, hata kuliko sisi, juu mnajua kuangalia waya za stima, mlango unafunguka upande gani, kama kuna njia ya pili ya kutoka. Chukua Jumamosi moja uende. Mlezi akijua baba naye huja bila kupiga simu, kila mtu hapo anakuwa macho.

Na wale mnasema ni afadhali dada wa nyumbani. Sawa, lakini maswali ni yaleyale, na zaidi, juu huyo ako peke yake na mtoto na hakuna mtu mwingine anaona. Msichana mwenye bado yeye ni mtoto, ametoka ushago juzi, anafua, anapika, anaosha nyumba na analea, tumempa kazi ya watu wawili na tunashangaa mtoto ako mbele ya TV. Kama umechagua hivyo, mpunguzie nguo za kufua.

Nimalizie na nyinyi walezi. Mnabeba watoto wa hii mji na wengi wenu hakuna mtu amewahi kuwafundisha ama kuwashukuru. Wazazi, mlipeni kwa wakati. Ukichelewa kwa jam ya Jogoo Road piga simu, huyo naye ana watoto wake wanangoja chakula. Walezi mtakaobaki, tutaandikishana hapa mbele, jina, kituo kiko wapi, una watoto wangapi na wasaidizi wangapi, tuone wale wako karibu karibu wanaweza kufunzwa pamoja huduma ya kwanza, mtoto akipaliwa mnafanya nini, na tuende kaunti pamoja kuuliza usajili badala ya kila mtu peke yake. Wazazi wa kituo kimoja kaeni pamoja dakika tano mjue mko wangapi na mnaweza kuongeza ngapi. Alafu maswali. Maiki iko kwa huyo kijana wa kofia, tuanze na baba hapo nyuma, aliinua mkono kitambo.